Je, Masazo Hayana Mwenyewe?

Yako maneno ambayo twayatumia kila siku pasipo kuyapima. Moja ni neno "takataka". Mwenye nyumba akisema, "Hiyo ni takataka," kila mtu hunyamaza, na kitu chenyewe hutolewa nje, wala hakuna aulizaye zaidi. Leo nataka tulipime neno hilo pamoja, si kwa mizani ya wenye elimu kubwa, bali kwa mizani ya kijiji; maana mimi mwenyewe nililitumia bila kulipima, nikamdhulumu mtu ambaye sikukusudia kumdhulumu.

Mimi ni mwalimu katika nchi ya Ipole, kusini ya Tabora, pale ambapo barabara itokayo Sikonge huachana, moja ikishika njia ya Mpanda na nyingine ikielekea Rungwa. Nchi yetu ni ya miombo, ya asali na nta, ya tumbaku, mahindi, karanga na viazi, na ya mpunga mbugani. Kitoweo ndicho kilicho haba. Zamani za misafara, chumvi ya Uvinza ilikuja Unyanyembe juu ya vichwa vya wapagazi. Siku hizi dagaa wa Kigoma huja kwa reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha huletwa kwetu kwa gari. Kila mkono wanaopitia huongeza bei, hata wakifika Ipole kisado cha dagaa kimekuwa kitu cha mtu mwenye mshahara.

Kwa sababu hiyo nilichimba bwawa ukingoni mwa mbuga, urefu wake mita 20 na upana mita 10, nikatia vifaranga 400 vya sato. Jambo hili si geni katika nchi. Majaribio ya kufuga samaki wa jamii hiyo mabwawani yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na huko Malya, na baadaye mabwawa yakachimbwa kwa maelfu. Lakini mengi yalikuwa madogo na matunzo yake hafifu, hata mavuno yakawa kidogo mno. Kuchimba shimo ni kazi ya siku chache. Kumlisha aliyemo ndani ni kazi ya kila siku.

Basi samaki ale nini? Hapo ndipo habari yangu inapoanza. Sato apendaye kukua vema huhitaji chakula ambacho katika kila sehemu 100, sehemu 25 mpaka 35 ni protini, yaani kile kijengacho mwili. Pumba za mahindi zina sehemu kama 10 tu. Mashudu ya alizeti yana zaidi, yapata 25 au 30, kwa kadiri maganda yalivyoondolewa kabla ya kukamua. Dagaa wakavu wana zaidi ya 50, na kwa hiyo wafugaji wengi hukimbilia dagaa. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Viktoria husagwa siku hizi kuwa chakula cha kuku, nguruwe na samaki. Yaani samaki mdogo, awezaye kuliwa na mtoto wa maskini mzima mzima na mifupa yake, huondolewa sokoni ili amnoneshe samaki mkubwa atakayeliwa na mtu mwenye fedha.

Mimi nililiona jambo hilo si jema, nikaazimu kutowapa samaki wangu dagaa hata mmoja. Nikasema, nitawalisha masazo ya mimea: pumba, mashudu, majani makavu ya mlonge, na majani ya muhogo yaliyopondwa na kuanikwa ili sumu yake ipungue. Tena nilisoma ya kwamba yako masazo yatumikayo kama viungo, ambayo si chakula chenyewe, bali ni kama chumvi katika mboga. Maganda ya vitunguu na vitunguu saumu, maganda ya machungwa, tangawizi na majani ya mpapai yamejaribiwa na wataalamu wa nchi nyingi. Baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba vikitiwa kwa kiasi kidogo humsaidia samaki kukua na kushindana na maradhi, na vikizidi humdhuru. Huko Nijeria yalichapishwa mwaka 2003 majaribio ya mbegu za papai, zilizosagwa na kutiwa katika chakula cha sato ili kupunguza kuzaana kwao. Kwa maana sato huzaa upesi mno, bwawa likajaa wadogo wasiokua.

Sababu ya kutafuta viungo vya namna hii yafahamika. Katika nchi nyingi wafugaji waliwapa wanyama dawa za kuua vijidudu hata wasipougua, ili wakue upesi. Vijidudu vikaizoea dawa, na dawa ikaanza kumshinda hata mwanadamu alipoihitaji. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza desturi hiyo ya kuwapa wanyama dawa kwa ajili ya kuwakuza tu. Basi nilijiona nimeshika njia njema pande zote: siwanyang'anyi watu dagaa, siharibu dawa, tena natumia kile ambacho wengine hukitupa. Nani angaliweza kunilaumu?

Kijijini petu iko mashine ya kukoboa na kusaga. Pumba zilizobaki zilirundikwa nyuma ya banda, na aliyezitaka alizizoa. Nilimwendea mwenye mashine nikamwambia, "Nitakuondolea takataka hizi, na juu yake nitakupa fedha." Akafurahi sana, tukapeana mikono. Tangu siku hiyo kila gunia la pumba lilikuja bwawani kwangu, na banda likafagiwa safi.

Miezi mitatu ikapita. Samaki walikua. Katika darasa langu alikuwako mtoto mmoja, yatima, aliyelelewa na bibi yake mjane. Mtoto huyo akaanza kuja shuleni bila daftari. Nilimwonya mara ya kwanza, nikamwonya mara ya pili. Mara ya tatu nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Hakujibu neno. Jioni yake moyo haukutulia, nikaenda kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, keti kigodani."

Nikamwuliza habari za daftari. Yule bibi akaonyesha kwa kidevu tundu la kuku, nalo lilikuwa tupu. "Wale ndio waliokuwa daftari," akasema. "Niliwauza kabla hawajakonda wote."

Nikamwuliza kwa nini walikonda. Akanitazama kitambo, kama mtu apimaye moyoni aseme au anyamaze. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Mwalimu, hatukuibiwa kitu. Pumba hazikuwa zetu. Ila zilikuwa zikitufikia."

Ndugu zangu, kama angalinilaumu, ningalijitetea. Ningalisema, nimenunua kwa fedha yangu, mashahidi wako. Lakini neno lake halikuniachia mlango wa kutokea. Nilirudi nyumbani usiku ule nikaliwaza, na tangu siku hiyo nalifikiri kila nipitapo penye banda la mashine.

Twajua sote maana ya kitu kilicho cha mtu. Sheria yakijua, soko lakijua, na mtoto mdogo akijua pia. Lakini kitu kimfikiacho mtu, ingawa si chake, hakina jina katika hesabu zetu. Hata hivyo katika kijiji watu wengi huishi kwa vitu vya namna hiyo. Baada ya mavuno ya viazi, watoto huingia shambani wakachimbua vile vilivyosahauliwa. Wanawake wakitengeneza matobolwa, maganda ya viazi huliwa na mbuzi wa jirani. Embe likianguka nje ya ua, halina wa kuliulizia. Mwenye moto humpa jirani kaa. Hakuna mkataba wala shahidi. Lakini ondoa haya yote kwa siku moja, utaona ni nyumba ngapi zitalala njaa. Ndiyo sababu wazee walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwenye shibe huita takataka. Mwenye njaa huita riziki. Na kitu chenyewe ni kile kile.

Najua yako majibu, nami nitayaleta kwa haki. La kwanza ni hili: mwenye mashine ana haki ya kuuza kilicho chake. Ni kweli, wala sisemi alitenda dhambi kuuza. Lakini haki ya kuuza haimwondolei mnunuzi wajibu wa kutazama. Mtu akinunua kiwanja ambacho katikati yake ipo njia ya watu kwenda kisimani, kiwanja ni chake. Hata hivyo akiiziba ile njia pasipo kuuliza, kijiji kizima kitamwona ni mtu wa namna gani.

La pili: samaki 400 watawafaa watu wengi kuliko kuku wanane wa bibi mmoja. Jibu hili lina nguvu, na kwa siku nyingi lilinifariji. Lakini nilipolitazama vizuri, naliona lina tundu. Faida ya samaki ingegawanyika kwa wengi, kila mtu kidogo. Hasara yote ikaangukia nyumba moja, ile iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Hesabu ya kujumlisha haionyeshi jambo hilo. Mtu akisema, "Kijiji kimepata faida," yafaa aulizwe, "Aliyelipa ni nani?"

La tatu: tukisubiri mpaka kila mtu aridhike, hatutafanya jambo jipya hata moja. Hili nalo lina ukweli, lakini si kila jambo jipya huumiza. Tazameni habari ya nta. Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, watu walikula asali au kuifanya pombe, na masega matupu wakayatupa. Biashara ilipokuja kuitaka nta, kitu kilichotupwa kikawa mali, nami sioni nyumba iliyokosa chakula kwa sababu hiyo. Masega yale yalikuwa masazo kweli kweli. Pumba za Ipole hazikuwa hivyo; zilikuwa na walaji tayari. Tofauti hii haionekani kwa kukitazama kitu chenyewe. Haina budi mtu aulize.

Katika Maandiko ziko amri mbili zihusuzo masazo, ambazo mtu azisomaye kwa haraka aweza kuzidhania zinapingana. Katika torati ya Musa, mwenye shamba aliagizwa asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, bali ayaache kwa maskini na mgeni. Na kwa desturi hiyo Ruthu alimlisha mkwewe. Lakini katika Injili, baada ya makutano kula mikate na samaki, wanafunzi waliambiwa wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Huku waambiwa acha. Huku waambiwa kusanya. Twafuata ipi?

Naona siri yake i katika taratibu. Vipande vilikusanywa baada ya makutano wote kushiba. Hakuna aliyenyang'anywa mkononi ili kikapu kijae. Basi amri ya kukusanya ni njema, na kutupa ovyo kile kifaacho ni dharau kwa mkulima aliyekitolea jasho. Lakini amri hiyo hushika zamu ya pili. Ya kwanza ni kutazama kama wote wamekula. Mimi nilianza na kikapu kabla ya kuwatazama walioketi majanini.

Kwa hiyo nimejiwekea maswali matatu, nami nayaleta kwenu, enyi mnaofuga samaki, kuku au nguruwe.

Swali la kwanza: nani alikuwa akikitumia kitu hiki kabla yangu? Asiwe mtu peke yake. Shamba nalo hula. Mabua na maganda yote yakienda bwawani, udongo utabaki bila samadi, na mwaka wa tatu mahindi yatatuambia.

Swali la pili: je, kitu hiki chamfaa samaki, au nakitia kwa kuwa ni cha bure? Si kila kitokacho katika mmea ni chema. Miti yetu yenyewe yatufundisha: majani ya utupa yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa wakaelea, nayo ni namna ya uvuvi iliyokatazwa kwa sheria. Vumbi la tumbaku, lililo jingi katika mabanda yetu, lina sumu iwauayo samaki. Wafugaji wa nchi nyingine hulitia bwawani kabla ya kupandikiza vifaranga, ili kuwaua konokono. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, nayo hutumiwa kwa kiasi tu. Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni ukungu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zaweza kuwa na sumukuvu, idhuruyo ini la samaki na la mtu pia. Mara nyingi husikia mtu akisema, "Haya yameharibika, watu hawawezi kula, wape samaki." Lakini samaki huyo ataliwa na nani, kama si mtu? Aliyempa mnyama wake kitu kibaya kwa siri, amekiandaa kwa meza ya jirani yake.

Swali la tatu: faida itarudi kwa nani? Kama nimechukua kilichokuwa kikiwafikia wengine, haifai mavuno yote yaishie kwangu na kwa mchuuzi wa Tabora.

Sasa mtauliza, nilifanya nini? Sikufanya mengi. Nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake, mahali pale pale nilipomsimamisha. Na jambo hilo lilikuwa zito kwangu kuliko kulipa fedha. Nikarudi kwa mwenye mashine, tukapatana kwamba katika kila magunia manne, moja libaki nyuma ya banda kama zamani, nami nisiliulizie. Upungufu wake naujaliza kwa mlonge, niliopanda kandokando ya bwawa, na kwa mashudu ya alizeti. Samaki wangu hukua polepole kidogo kuliko ambavyo wangalikua. Nimekubali.

Hata hivyo, kutengeneza si sawa na kutoharibu. Kuku wanane waliouzwa hawakurudi. Muhula mmoja wa mtoto ulikwenda bila maandishi, na muhula hauzolewi kama pumba.

Siku tulipovua bwawa kwa mara ya kwanza, nilimpelekea bibi samaki watatu wakubwa katika sinia. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akauliza, "Na matumbo na vichwa, Mwalimu, mmevifanyaje?" Nikamwambia tumechimba shimo chini ya mpapai, tunataka kuvizika, maana ni takataka.

Neno lilikuwa limekwisha kunitoka. Bibi akacheka, mara ya kwanza nimwone akicheka tangu siku ile ya kigoda. "Usivizike," akasema. "Nimepata vifaranga watano. Nitavichemsha, nitavianika, nitavitwanga pamoja na pumba."

Nikamwita mjukuu wake, tukaenda naye bwawani kuchukua ndoo. Njiani nilikuwa nikiwaza jinsi neno lile lilivyokuwa tayari kinywani mwangu, hata baada ya yote niliyojifunza na kuyasema. Basi, wasomaji wapenzi, nisidhaniwe kuwa naandika kama mtu aliyekwisha kufika. Naandika kama mtu ambaye kila siku, kabla ya kufagia, inampasa kusimama kwanza mlangoni na kuuliza: je, kuna mtu nje anayengoja?